Nyanya za masika zinahitaji paa kuliko kuta

Ukiingia Soko Kuu la Tabora mwezi wa saba, nyanya zimejaa mpaka zinamwagwa chini juu ya viroba, na muuzaji anakuongeza moja bila kuombwa. Rudi mwezi wa pili. Fungu lililokuwa na nyanya sita sasa lina tatu, mojawapo ina doa la kahawia begani, na bei imepanda mpaka mama wa nyumba anaamua kuunga nsansa, mboga yetu ya majani makavu, kwa karanga peke yake. Na huo ndio wakati ambao maji si shida kwa mtu yeyote. Mahindi yamesimama, magugu yanashindana na mahindi, uyoga wa msituni unauzwa kando ya barabara. Nyanya tu ndiyo haionekani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ipuli. Wateja huketi barazani wakisubiri kupimwa, na wakichungulia uani wakaona madumu yamepangwa na tuta lililo chini ya paa la nailoni, wanauliza: dada, nyanya masika haya umezipataje? Nimewajibu mara nyingi, ila kila mara ninaacha kitu kwa sababu mteja mwingine amefika na kitambaa chake. Leo ninaandika yote.

Kwanza tujue kinachoiua nyanya. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida tunapata karibu milimita 900 zilizobanwa kwenye miezi hiyo. Nyanya inahitaji maji kwenye mizizi. Kwenye majani haiyataki hata kidogo. Kuna bakajani ile inayoanza na majani ya chini, madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, ikipanda taratibu. Na kuna ile nyingine, bakajani chelewa, inayobabua mmea mzima kwa siku chache na kuacha harufu mbaya shambani. Zote mbili ni ukungu, na ukungu huo unahitaji jani likae limelowa kwa saa kadhaa ndipo vumbi lake la uzazi lichipue na kuingia ndani. Jani likibaki kavu, kazi yake inakuwa ngumu. Halafu kuna tone lenyewe la mvua: likipiga ardhi linarusha udongo mpaka kwenye majani ya chini, na vimelea vilivyokuwa vimelala kwenye udongo vinapanda navyo.

Watu wengi wanapigana na hali hii kwa bomba la dawa. Wanapiga asubuhi, mvua ya jioni inaosha, wanarudia. Ifikapo Machi wametumia fedha nyingi, na nyanya zinazobaki zimekula sumu kuliko mbolea. Fedha ile ile, au hata pungufu, ingenunua paa.

Nikisema paa, watu wanafikiria kitalu nyumba, ile nyumba ya nailoni iliyofungwa pande zote, yenye mlango na kufuli. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, na ninasema kwa moyo wote kwa sababu nimeona watu wakikopa fedha kwa ajili ya nyumba hizo. Nyumba ile ilibuniwa na watu wa nchi za baridi. Uholanzi wanalima nyanya ndani ya vioo kwa sababu nje kuna baridi, na kioo kinatunza joto. Sisi joto tunalo. Oktoba mchana Tabora inafika nyuzi 32 na kuzidi, hapo ni kivulini, nje ya nailoni. Ua la nyanya likipata joto la kupita nyuzi 32 mchana, au usiku usipopoa vizuri, chavua yake inadhoofika. Ua linafunguka, linakaa siku mbili tatu, linadondoka bila kuacha tunda. Unabaki na mmea mrefu, wa kijani, mzuri wa kupiga picha, hauna kitu.

Baba yangu alilima tumbaku Urambo, na sisi watoto tulikuwa tukitunga majani kwenye fito kabla hayajaingizwa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Ninajua joto la bani: linapandishwa hatua kwa hatua mpaka linapita nyuzi 60, na majani yaliyoingia mabichi yanatoka makavu. Kitalu nyumba kilichofungwa kila upande, Oktoba, Tabora, ni bani lisilo na moto. Hakifiki joto lile, lakini kazi kinayoifanya kwenye ua la nyanya ni ileile.

Na Urambo yenyewe ina somo lake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walikuja na mitambo mikubwa kabla ya kuelewa udongo na mvua za mahali walipokwenda. Kufikia 1951 mpango ukaachwa. Tumbaku ndiyo iliyoshika mashamba yale baadaye. Wazee wa kwetu walilisimulia jambo hilo kila mara mtu alipoleta mtambo mpya kijijini, na mimi ninalikumbuka kila ninapoona tangazo la kitalu nyumba kilichofungwa.

Basi paa langu liko hivi. Urefu mita nne, upana mita tatu. Mirunda sita, ya katikati imepanda kama mita tatu na ya pembeni mita mbili, ili hewa ya moto ipande na kutoka. Nimeacha mwanya juu kabisa, upande mmoja wa paa umepita juu ya mwenzake, mvua haiingii lakini joto linatoka. Mirunda imesimikwa kwenye zege kidogo, maana mchwa wa Tabora hawakuachii mti hata msimu mmoja. Juu kuna nailoni ngumu ile ya vitalu nyumba iliyotiwa dawa ya kuzuia jua, unene wa mikroni 200. Usinunue nailoni ya kawaida ya kufunikia bidhaa kwa kuwa ni rahisi: jua letu linaivunjavunja ndani ya miezi, vipande vinaruka mpaka kwa jirani, na kufikia Januari, wakati unaihitaji kuliko wakati wote, huna paa.

Kuta hakuna. Chini nimezungushia wavu mita moja kwenda juu kwa sababu ya kuku, na kiangazi, inzi weupe wanapozidi, ninashusha wavu mwingine wenye matundu madogo kutoka kwenye paa hadi chini. Nyavu hizo nimezishona mwenyewe. Mwenye cherehani asikose kufanya hivi: tumia uzi wa nailoni, uzi wa pamba unaoza kwa unyevu. Pindo likunjwe mara mbili, na kwenye pindo pitisha kamba ya kukazia. Wavu uliokazwa vizuri haupigwi na upepo na hausugui miche. Kiungo kati ya vipande viwili vya wavu ndiyo njia ya wadudu, kwa hiyo shona mistari miwili inayokaribiana.

Paa lazima likazwe mpaka likigongwa lilie. Likilegea, maji yatatuama katikati, uzito utaongezeka, na mvua moja ya usiku italilaza juu ya nyanya zako. Angalia pia upande ambao mvua ya kwenu hupigia. Kwangu inakuja na upepo mkali kabla ya mvua yenyewe, kwa hiyo upande huo nailoni imeshuka chini zaidi, hadi usawa wa kiuno.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye paa hili ni gata. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu ni mita za mraba 12. Mvua ya milimita 30, ambayo masika ni jambo la kawaida, inanipa lita zipatazo 360 kwa mkupuo, na mvua ya msimu mzima ingetosha kujaza zaidi ya lita 10,000. Maji yaleyale yaliyokuwa yanakuja kuozesha majani yanaingia kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa yanakwenda kwenye mizizi, kwa kipimo changu na wakati wangu. Siku hizi tuna maji ya bomba yaliyovutwa kutoka Ziwa Viktoria, na ninashukuru kwa hayo, lakini bili ni bili. Ya mvua hayana bili.

Sasa udongo. Anayelima Tabora anajua ardhi yetu ni kichanga. Ukimwaga ndoo ya maji inazama mara moja, na mbolea inazama nayo. Lakini shida kubwa zaidi kwa nyanya haionekani kwa macho. Nyanya, tumbaku, pilipili, biringanya, nyanya chungu na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na magonjwa yao wanaambukizana. Mahali palipolimwa tumbaku muda mrefu pana minyoo fundo, midogo sana, inayoingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe vinundu. Mmea unadumaa, mchana unanyauka japo udongo una maji, jioni unainuka kidogo, kesho unanyauka tena. Ukiung'oa ukakuta mizizi ina vinundu visivyobanduka, basi ndiyo hiyo. Kichanga kinawapendeza minyoo hao.

Ndiyo maana ninalima kwenye madumu na matuta ya kuinua, tena udongo nauchanganya mwenyewe. Sehemu moja ni udongo wa kichuguu, kile kilichohamwa na mchwa. Hiki tunakifyatulia matofali kila siku tukisahau kwamba kina mfinyanzi mwingi na rutuba kuliko ardhi inayokizunguka, kwa kuwa mchwa wamekuwa wakiipandisha kutoka chini miaka na miaka. Sehemu moja ni mchanga wa uani. Sehemu moja ni samadi iliyoiva, narudia, iliyoiva, isiyo na joto wala harufu kali. Nusu sehemu ni makapi ya mpunga, na Tabora makapi hayakosekani, mashine za kukoboa zinayatupa. Mfinyanzi unashika maji, mchanga na makapi vinapitisha hewa.

Mchanganyiko huo nauandaa Septemba. Nautandaza, naulowesha, naufunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, kingo nazizika udongoni, nauacha juani wiki nne hadi sita. Jua la Septemba na Oktoba linapasha udongo ule kiasi kwamba minyoo, mbegu za magugu na ukungu mwingi vinakufa. Kazi ya jua ni ya bure, na sisi jua letu linakuwa kali kabisa wakati huohuo tunapojiandaa kwa msimu. Sijui kwa nini hatulitumii zaidi.

Kuhusu ukoo huu wa tumbaku na nyanya nina kisa. Jirani yangu ni mzee aliyelima tumbaku maisha yake yote Kaliua kabla ya kuhamia mjini kwa watoto. Asubuhi moja alisimama kwenye uzio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona viwavi wamekuingilia. Nina majani ya tumbaku ndani, nikulowekee unyunyizie?"

Ni dawa inayojulikana sana huku, na anayeitoa anaitoa kwa upendo. Nikamwambia, "Mzee, kuua inaua, sikatai. Ila sumu ile inayoua kiwavi inamdhuru na mtu, na nyanya hizi zinaliwa na watoto. Halafu majani makavu ya tumbaku yanaweza kuwa na kirusi cha batobato, kinakaa humo miaka, na nyanya kinaishika vilevile."

Alinyamaza. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Ndiyo maana kwenye kitalu cha miche ya tumbaku tulikatazwa kuvuta sigara." Akaeleza jinsi msimamizi alivyokuwa akiwanusa mikono kabla ya kuwaruhusu kung'oa miche. Alikuwa anaijua sheria hiyo tangu ujana wake, hakuwa ameihamisha tu kutoka kwenye tumbaku kuja kwenye nyanya. Yeye bado anavuta. Akija kunisaidia kufunga kamba, na anajua kufunga kuliko mimi, mwanangu anatangulia na birika, beseni na sabuni, anamnawisha kama anavyonawishwa mgeni kabla ya chakula. Hakuna anayevunjiwa heshima, na kirusi kinabaki kwenye beseni.

Viwavi aliokuwa amewaona ni kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, alivuka hadi Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akathibitishwa kuwapo Tanzania. Kipepeo wake ni mdogo wa kijivu, anataga kwenye majani, na kiwavi anajichimbia ndani ya jani kati ya ngozi mbili, ndiyo maana dawa nyingi hazimfikii. Unaona mabaka meupe yaliyopauka, ukiliinua jani kwenye mwanga unamwona humo ndani. Kwa mtu mwenye mimea michache uani, dawa bora ni macho na vidole. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nazunguka, jani lenye baka nalichuma, nalitia kwenye mfuko wa plastiki, naufunga, nauweka juani. Usilitupe jani chini wala kwenye shimo la mboji, kiwavi atamalizia kazi huko na kutoka kipepeo. Mwarobaini uliosagwa na kulowekwa unasaidia pia, ukinyunyiziwa jioni. Mkulima wa ekari tano hawezi kuchuma jani moja moja. Sisi wa uani tunaweza, na tuitumie nafasi hiyo.

Inzi weupe nao wanaleta rasta: majani yanajikunja kwenda juu, yanakuwa ya manjano pembeni, mmea unasimama kukua. Mmea uliopata rasta haurudi. Ung'oe siku hiyohiyo, usiuhurumie. Utitiri mwekundu unakuja kiangazi, unafuma utando mwembamba chini ya majani. Huo haupendi unyevu, kwa hiyo wakati huo ninanyunyizia maji chini ya majani asubuhi na mapema, ili yakauke kabla ya jioni.

Madumu au tuta? Watu wananitaka nichague, na jibu langu linategemea ugonjwa unaokusumbua. Mnyauko wa bakteria ukiingia kwenye tuta, unapita kwenye udongo na maji na kuondoka na mstari mzima. Kwenye madumu kila mmea una udongo wake, mmoja ukifa wenzake wanabaki. Kipimo chake ni rahisi: kata shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, litie kwenye glasi ya maji safi, usilitikise. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye shina. Udongo wa dumu hilo unakwenda mbali na bustani, na dumu linaoshwa kwa jiki.

Tuta la kuinua lina faida yake: udongo ni mwingi, haukauki haraka, na mizizi haipati joto la plastiki. Langu limejengwa kwa matofali ya kuchoma, kimo cha sentimita 30, chini nimetandika matawi na nyasi. Miche imeachana nusu mita. Madumu ni ya lita 20, yale ya mafuta ya kula, nimeyakata juu na kuyatoboa chini na ubavuni. Mche mmoja kwa dumu. Usiweke miwili kwa tamaa, hutapata mara mbili. Dumu la njano likipigwa na jua la mchana linapasha mizizi, kwa hiyo nimeyavika viroba vya salfeti vyeupe, na hayo pia ni mambo ya cherehani. Nyanya inataka jua kwa muda wa saa sita mpaka nane kila siku, lakini jua hilo liwe la majani, dumu lenyewe likae kwenye kivuli cha kiroba chake.

Mbegu soma pakiti. Herufi zinazofuata jina zinakuambia mmea unavumilia nini: V na F ni aina mbili za ukungu wa udongoni unaonyausha, N ni minyoo fundo, T ni kirusi cha batobato ya tumbaku. Kwa mtu wa Tabora, N na T ndizo za kutafuta kwanza. Kwenye madumu chini ya paa napanda Anna F1, mbegu chotara inayorefuka na kuzaa muda mrefu, inaongozwa kwenye kamba ya katani iliyofungwa juu kwenye mti wa paa. Machipukizi yanayotokea kwenye kwapa la jani nayavunja yakiwa madogo, kwa vidole, asubuhi, ili kidonda kikauke na jua. Majani yote yaliyo chini ya kichala cha kwanza nayaondoa, hewa ipite. Kwenye tuta la nje, la kiangazi, napanda Tengeru 97, iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997. Ngozi yake ni ngumu, inavumilia safari na kukaa.

Kalenda yangu: mbegu za masika nazisia mwishoni mwa Oktoba, miche inahamia chini ya paa ikiwa na wiki nne, matunda yanaanza kuiva Februari, wakati ule ambao sokoni fungu lina tatu. Za kiangazi nazisia Machi na kuzihamisha mvua zinapokatika. Hizo hazihitaji paa, usiku wa Juni na Julai unapoa vizuri na maua yanashika.

Mbolea ya kupandia watu wa hapa wanaifahamu, ile NPK 10-18-24 ya tumbaku. Ina potashi nyingi na nyanya inaipenda, kijiko kimoja cha chai kwa dumu, mbali na shina. Yurea kwa wingi inaleta majani tu. Maua yakishaanza natumia mbolea ya CAN kidogo kidogo, kwa kuwa ina kalisi.

Kalisi inanileta kwenye tatizo ninaloulizwa kuliko yote, kitako cha tunda kuwa cheusi na kuoza. Huo si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa ya ukungu haiutibu. Tunda limekosa kalisi, na mara nyingi kalisi ipo kwenye udongo ila maji ndiyo yanayoibeba, na maji yanakuja kwa kushtukiza: siku tatu pakavu, siku ya nne ndoo nzima. Mwagilia kidogo kila siku kwa saa ileile. Mmea mkubwa kwenye dumu, siku ya jua, unakunywa lita moja na nusu hadi mbili. Nimezika chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye kila dumu, shingo juu, tako limetobolewa matundu madogo. Najaza asubuhi, inatoa taratibu. Juu ya udongo natandaza makapi ya mpunga vidole vitatu.

Kuhusu uchavushaji. Ua la nyanya lina dume na jike humohumo, linachohitaji ni kutikiswa ili chavua idondoke. Tabora ni mkoa wa asali, mizinga imejaa kwenye misitu ya miombo, lakini nyuki wa asali hajui kazi hii. Anayeiweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, analishika ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa mpaka chavua inamwagika. Watu wanamwua kwa sababu anatoboa kenchi. Mimi nimemwachia gogo kavu kwenye kona ya uani. Hii ni sababu nyingine ya kutofunga kuta: ukimfungia nje, itabidi ugonge kamba mwenyewe kila siku kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Zikianza kuiva nachuma zikiwa zimegeuka nusu, hasa siku za joto. Rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri joto likipita nyuzi 30, ndiyo maana za Oktoba zinaiva zikiwa za machungwa na watu wanadhani ni mbegu mbaya. Ziweke ndani kwenye kivuli, juu ya ungo, zisigusane, zitakuwa nyekundu zenyewe. Usizitie kwenye friji, baridi inaondoa ladha.

Mbegu za Anna F1 usizitunze, watoto hawatafanana na mama. Za Tengeru 97 tunza. Chagua tunda la mmea uliokuwa mzima mpaka mwisho, kamua mbegu na maji yake kwenye bakuli, ziache zichachuke siku mbili au tatu mpaka ute utoke, zioshe, zianike kwenye karatasi kivulini. Nimeshazifunga za mwaka huu kwenye vifuko vya vitambaa vilivyobaki. Mtu wa Ipuli au wa popote hapa mjini anayetaka kuanza mwishoni mwa Oktoba apite barazani achukue, na aje na udongo kidogo wa kwake tuuangalie pamoja kabla hajanunua nailoni.